Mkurugenzi Mpya na Hisa Zetu Chache

Tarehe 7 Novemba 2022 kampuni ya biashara ya mtandaoni ya Jumia ilitangaza kwamba waanzilishi wake wawili, Jeremy Hodara na Sacha Poignonnec, wanaachia uongozi. Nafasi yao ilichukuliwa na Francis Dufay, aliyeingia katika kampuni hiyo mwaka 2014 na kuwahi kuongoza tawi la Côte d'Ivoire. Hisa za Jumia ziliingia katika soko la New York mwezi Aprili 2019 kwa dola 14.50. Mwezi Februari 2021 zilikaribia dola 70. Siku Dufay anakabidhiwa kiti, zilikuwa zinauzwa kwa dola chache tu. Wakubwa walikuwa na mawakili na wachambuzi wao wa kuwaambia la kufanya. Mwenye hisa mdogo, aliyenunua hisa ishirini au hamsini kwa akiba yake, alibaki na swali lake peke yake: nimwamini huyu mpya, au niuze kilichobaki?

Swali hilo linatuhusu sisi wa Butembo na Beni kuliko tunavyodhani. Kongo haina soko la hisa. Kijana wa Kimemi anayetaka hisa za kampuni ya teknolojia hupitia kwa ndugu aliye Nairobi, Brussels au Montréal, au hutumia programu ya simu ambayo mwenyewe hajui ofisi yake iko wapi. Na hapa nyumbani pia tunaombwa mtaji: wa umeme, wa sola, wa intaneti, wa pesa za kwenye simu. Mradi hutangazwa, watu huchanga, miezi hupita, kisha inaitishwa semina ambamo tunaambiwa kwamba uongozi wa zamani umekosea, uongozi mpya umekuja, tuwe na subira, na anayeweza aongeze kidogo. Kwa hiyo inafaa tuulize kwa makini imani ya mwenye hisa mdogo ijengwe juu ya nini.

Tuanze na imani tunayoijua. Biashara ya Butembo imesimama juu ya mkopo wa mdomo. Mtafiti Janet MacGaffey aliandika katika miaka ya 1980 jinsi wafanyabiashara wa Kinande walivyopeleka mboga na maharagwe mbali, bila benki ya maana ya kuwasaidia. Baadaye watoto na wajukuu wao wakafungua njia za Dubai na Guangzhou, wafanyabiashara kadhaa wakijaza kontena moja, mmoja akisafiri na fedha za wenzake, mzigo ukishukia Mombasa na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Dola elfu kumi zinatoka mkononi bila hati yoyote. Zinarudi kwa sababu aliyezichukua ana nyumba inayojulikana, ana wazazi, ana parokia au kanisa, na akidhulumu leo, kesho hapati mtu wa kumpa hata katoni moja ya sabuni. Hii si imani ya kipofu. Ni imani yenye dhamana nzito sana, ila dhamana yenyewe haiandikwi.

Hisa huiondoa dhamana hiyo. Francis Dufay hana shamba Lubero. Akishindwa, hatapita mbele ya duka lako akiinamisha kichwa. Hata anayeongoza sosiete ya hapa mjini, ikishakuwa na wenye hisa mia tano, hawezi kujuana nao wote, wala wao hawawezi kumfuata mmoja mmoja. Kosa kubwa ninaloliona kwa wenye hisa wadogo wa kwetu ni kuchukua mazoea ya kontena na kuyapeleka mahali ambapo dhamana yake haipo. Wanauliza: huyu mkurugenzi ni mtu wa wapi? Anasali wapi? Alisoma Chuo Kikuu cha Graben au Ulaya? Anaongea vizuri? Ni maswali ya haki kwa mdaiwa wa jirani. Kwa mkurugenzi wa kampuni inayouza matumaini ya kesho, hayatoshi kabisa. Kujuana kukikosekana, lazima kitu kingine kishike nafasi yake, na mimi naona ni vitu viwili: hesabu zinazoweza kusomwa, na sheria inayoweza kutumika.

Turudi kwa Jumia, kwa sababu hesabu zake zimewekwa wazi na tunaweza kuzisoma pamoja.

Kwanza, nani alimweka Dufay? Jumia inajulikana kama kampuni ya Kiafrika, lakini kisheria ni kampuni ya Kijerumani yenye makao Berlin. Sheria ya Ujerumani inatenganisha wanaoendesha kampuni na bodi inayowasimamia, na bodi hiyo ndiyo inayoteua na kuondoa waendeshaji. Mwenye hisa mdogo hakumpigia kura Dufay, wala hakuwapigia kura waliomtangulia. Tena alichonacho si hisa yenyewe, ni cheti kinachotolewa na benki ya Marekani kwa niaba yake, kila kimoja kikiwakilisha hisa mbili zilizohifadhiwa na benki hiyo. Kwa hiyo imani yake kwa mkurugenzi mpya, hata ingekuwa kubwa namna gani, haikubadilisha lolote katika uteuzi. Nguvu aliyonayo ni ya kubaki au kuondoka. Nalisema hili mapema kwa sababu wengi hujiona wana deni la uaminifu kwa uongozi, kana kwamba wao ndio waliouchagua.

Pili, alirithi nini? Hapa ndipo penye utajiri wa habari. Mwishoni mwa mwaka 2021 Jumia ilikuwa na takriban dola milioni 513 za kutumia. Mwishoni mwa 2022 zilibaki takriban milioni 228. Kwa mwaka mmoja, zaidi ya milioni 280 zilikuwa zimekwenda. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha duka anaweza kumaliza hesabu hiyo: kwa kasi ile, fedha zisingefika mwaka mwingine. Kampuni haikuhitaji kiongozi mwenye ndoto mpya. Ilihitaji mtu wa kufunga bomba.

Dufay alifunga. Katika miezi michache ya kwanza zaidi ya nafasi 900 za kazi zilikatwa, sawa na mtu mmoja kati ya watano. Ofisi ya Dubai, iliyokuwa imejaa wakuu wenye mishahara mikubwa mbali na wateja, ilipunguzwa sana na wakuu wakahimizwa kwenda kukaa Afrika. Biashara ya kupeleka chakula, iliyofanya kazi Kenya, Uganda na nchi nyingine tano, ilifungwa mwishoni mwa 2023. Mwaka uliofuata Afrika Kusini na Tunisia zikaachwa. Tanzania ilikuwa imefungwa tangu Novemba 2019, enzi za waanzilishi. Hasara ya uendeshaji, iliyopita dola milioni 200 mwaka 2022, ikashuka mpaka karibu milioni 73 mwaka 2023, kisha milioni 66 mwaka 2024.

Je, hayo yanatosha kumwamini? Yanatosha kwa jambo moja: kwamba alichosema atapunguza, alikipunguza, na namba zimeonyesha. Lakini kupunguza matumizi ni nusu ya kazi, tena nusu iliyo rahisi, maana kufukuza watu na kufunga matawi ni uamuzi wa ofisini. Nusu ya pili ni kuuza zaidi, na huko uamuzi ni wa mteja. Mapato ya Jumia yalikuwa takriban dola milioni 186 mwaka 2023, yakashuka hadi milioni 167 mwaka 2024. Sehemu ya anguko hilo ilitoka nje ya uwezo wa kampuni: naira ya Nigeria ilianza kuporomoka katikati ya 2023, pauni ya Misri ikafuata mwezi Machi 2024, na Jumia huhesabu kwa dola mauzo yanayofanyika kwa fedha hizo. Sisi tunaopanga bei kwa dola na kuuza kwa franga tunalielewa hilo bila kufundishwa. Hata hivyo mwenye hisa hana budi kuangalia pande zote mbili. Kampuni inayopunguza hasara huku ikipungua yenyewe inaweza kufika siku ambayo haina hasara kwa sababu haina biashara.

Mwaka 2025 uongozi uliahidi kwamba kampuni itaacha kupata hasara katika robo ya mwisho ya 2026, na kwamba mwaka 2027 wote utakuwa wa faida. Naipenda ahadi ya namna hii, si kwa sababu naiamini, ni kwa sababu ina tarehe. Ahadi yenye tarehe inaweza kuvunjika mbele ya macho ya watu. Kiongozi anayesema "hivi karibuni" au "mambo yakitulia" amejiwekea mlango wa nyuma.

Sasa tuje kwenye jambo linalowaumiza wadogo bila wao kujua. Mwezi Agosti 2024 Jumia iliuza hisa mpya, takriban milioni 20 za vile vyeti, ikapata karibu dola milioni 100. Kabla ya hapo vilikuwepo takriban milioni mia moja. Chukua mtu mwenye vyeti elfu moja: fungu lake la kampuni lilikuwa moja kwa laki moja, baada ya mauzo likawa moja kwa laki moja na elfu ishirini. Hakuibiwa, hakuuza kitu, hakupigiwa simu. Fungu lake limepungua kwa sababu uongozi ulihitaji fedha. Na bei ilikuwa imeanguka: mwezi Julai hisa ilivuka dola 13, wiki chache baadaye hisa mpya zikauzwa kwa karibu dola 5. Kuna hoja ya kuutetea uamuzi huo, nami naikubali kwa sehemu, kwamba kampuni isiyo na fedha haina thamani yoyote na kwamba ni afadhali fungu dogo la kitu kilicho hai. Lakini kila mara uongozi mpya unapokuja kwa kampuni yenye hasara, mwenye hisa auulize swali hili kwanza: mpango wenu unamalizika kwa fedha zilizopo, au mtarudi kuomba? Kama mtarudi, mtauza kwa bei gani, na mimi nitapewa nafasi ya kununua kabla ya wageni?

Kongo ina mfano wake wa kisa hiki, na ni mkubwa. Vodacom Congo ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kati ya Vodacom ya Afrika Kusini yenye asilimia 51 na Congolese Wireless Network ya Alieu Conteh yenye asilimia 49. Biashara ilikua, ikahitaji fedha nyingi, na mshirika mkubwa ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuzitoa. Ukazuka mgogoro mrefu juu ya nani aongeze mtaji na mikopo ya mkubwa igeuzwe kuwa nini, mpaka wakafika mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Conteh hakuwa mwenye hisa mdogo, alikuwa na karibu nusu. Ikiwa mwenye asilimia 49 anaweza kubanwa na ombi la fedha, mwenye hisa kumi katika sosiete ya sola asidhani kwamba tabasamu la mkurugenzi mpya litamkinga.

Wengi hupima uongozi kwa bei ya hisa. Bei ya Jumia inaonyesha kwa nini kipimo hicho hakifai. Chini ya waanzilishi wale wale, ilipanda ikakaribia dola 50 wiki chache baada ya kuingia sokoni, ikaanguka baada ya ripoti kali ya Citron Research ya Mei 2019 iliyodai udanganyifu, na miezi mitatu baadaye kampuni yenyewe ikakiri kwamba baadhi ya mawakala wake wa Nigeria walikuwa wameandika oda zisizo za kweli. Ikashuka mpaka dola mbili na ushei Machi 2020, kisha ikakaribia 70 ndani ya mwaka mmoja. Chini ya Dufay imefanya vivyo hivyo: zaidi ya 13 Julai 2024, chini ya 2 Aprili 2025, zaidi ya 10 mwishoni mwa mwaka huo huo. Mkurugenzi ni mmoja, mpango ni mmoja, bei zimepishana mara tano na zaidi. Aliyesema Aprili kwamba Dufay ameshindwa na aliyesema Desemba kwamba Dufay ni shujaa walikuwa wanasoma hali ya hewa ya soko, hawakuwa wanasoma kazi ya mtu.

Wala kuwafuata wakubwa si kipimo kamili. MTN, iliyokuwa mwenye hisa mkubwa wa Jumia, iliuza hisa zake zote mwaka 2020, na mwaka huo huo Rocket Internet ya Ujerumani, iliyoilea kampuni tangu utoto wake, nayo ikawa inatoka. Miezi michache baadaye bei ikapaa. Walikuwa na kila habari, na bado waliondoka kabla ya kilele. Mkubwa huuza kwa sababu zake: anahitaji fedha kwingine, ana madeni ya kulipa. Inafaa kujua kwamba ameuza. Haifai kudhani kwamba tumeelewa kwa nini.

Zipo habari njema pia. Safaricom ilipouza hisa bilioni 10 kwa umma mwaka 2008, kila moja shilingi 5 za Kenya, Wakenya zaidi ya laki nane walijitokeza, wengine kwa mikopo. Bei ikashuka chini ya shilingi 3 mwaka uliofuata, na wengi waliuza kwa uchungu. Michael Joseph aliondoka Novemba 2010, Bob Collymore akaingia, na alipofariki Julai 2019 hisa ilikuwa imevuka shilingi 25, mbali na magawio yaliyolipwa kila mwaka. Lakini tusichanganye mambo. Collymore alirithi kampuni yenye faida, yenye M-Pesa iliyokwisha kupata watu tangu 2007, yenye wateja wanaolipa kila siku. Kazi yake ilikuwa kukuza. Anayesema "mumwamini mkurugenzi wetu mpya, kumbukeni Safaricom" wakati kampuni yake haijawahi kupata faida hata mwaka mmoja, anaazima heshima isiyo yake.

Vodacom Tanzania inafundisha jambo jingine. Sheria iliyalazimisha makampuni ya simu kuuza robo ya hisa kwa umma, na mwaka 2017 zaidi ya Watanzania elfu arobaini walinunua kwa shilingi 850 kila moja. Mwaka uliofuata kampuni ilimteua Sylvia Mulinge kutoka Kenya awe mkurugenzi, naye akanyimwa kibali cha kazi. Miezi mingi ilipita kabla ya nafasi kujazwa rasmi. Mwenye hisa angeweza kumwamini au kutomwamini mama yule. Uamuzi ulikuwa wa ofisi ya serikali. Katika nchi zetu uwezo wa mkurugenzi huishia pale mkono wa dola unapoanzia, na hilo liingie katika hesabu ya kila anayeweka fedha.

Kisha kuna upande wa giza, ambako uongozi mpya ni sehemu ya utapeli wenyewe. Wazee wanakumbuka Bindo Promotion ya Kinshasa mwaka 1991, jinsi watu walivyouza mali ili kuweka fedha zilizoahidiwa kuongezeka mara nyingi, na jinsi zilivyotoweka. Kizazi cha simu kilipata OneCoin, sarafu ya kidijitali iliyouzwa dunia nzima na kuwafikia watu wengi Uganda, majirani zetu. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017. Je, watu waliambiwa imekwisha? Hapana. Kaka yake, Konstantin Ignatov, alishika uongozi, mikutano ikaendelea, walioweka fedha wakatulizwa, mpaka alipokamatwa Los Angeles Machi 2019 na baadaye kukiri makosa. Kwa mwaka mzima na zaidi, jina la kiongozi mpya lilitumika kununua muda. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa Marekani, fedha zilizopotea zinazidi dola bilioni 4. Hapo imani kwa uongozi mpya haikuwa na la kupima, kwa sababu hapakuwa na hesabu iliyokaguliwa hata siku moja. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Jumia na OneCoin, na ni tofauti kubwa kuliko zote: ya kwanza ilipata hasara kubwa na kuziandika, ya pili haikuandika kitu.

Sasa nyumbani. Hatuna soko la hisa, lakini hatuko uchi kisheria. Kongo iliingia rasmi katika jumuiya ya sheria za biashara ya OHADA tarehe 12 Septemba 2012, ikajiunga na nchi nyingine kumi na sita, na sheria yake ya makampuni ilirekebishwa Januari 2014. Watu wengi wa Butembo na Beni wanaijua OHADA kwa jina tu, kama jambo la karatasi za guichet unique, ofisi ya kusajili makampuni. Ndani yake mna silaha za mwenye hisa mdogo, na inasikitisha kuona zinapata kutu.

Katika sosiete ya hisa, ile inayoitwa SA, mwenye hisa ana haki ya kusoma hesabu za mwaka na ripoti za uongozi na za mkaguzi katika siku 15 kabla ya mkutano mkuu. Mkutano huo lazima ufanyike ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Mara mbili kwa mwaka mwenye hisa yeyote anaweza kuuandikia uongozi maswali juu ya jambo lolote linalotishia uhai wa kampuni, nao wanatakiwa kujibu kwa maandishi ndani ya siku 15, na mkaguzi wa hesabu apate nakala. Wanaokusanya sehemu moja ya kumi ya mtaji wanaweza kuiomba mahakama iteue mtaalamu wa kuchunguza tendo fulani la uongozi, au iteue mtu wa kuitisha mkutano kama wakuu wanakwepa. Hisa mpya zikitolewa kwa fedha, wenye hisa wa zamani wana haki ya kununua kwanza kulingana na fungu lao. Na hasara zikila mtaji wa wenyewe mpaka chini ya nusu ya mtaji uliosajiliwa, wenye hisa lazima waitwe waamue kama kampuni iendelee au ivunjwe. Mkurugenzi mpya anayejua haya na kuyaheshimu bila kusukumwa amekwisha kunionyesha kitu cha maana kuhusu tabia yake, kuliko hotuba yoyote ile.

Ni kweli haki ya kwenye kitabu haifanani na haki mkononi. Jimbo letu la Kivu Kaskazini liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, benki zikafungwa kule, na ofisi za jimbo zikahamia Beni. Barabara zinakatika, mashine zinakwama mpakani, mafundi wa kigeni hawataki kuja. Mtu aliyewekeza katika umeme au intaneti hapa anastahili kusikilizwa anapoeleza kuchelewa kwake. Lakini nimesikia vita vikitajwa katika mikutano ambako swali lilikuwa la fedha, na hapo siwezi kukubali. Vita vinaweza kueleza kwa nini turbini imechelewa. Haviwezi kueleza kwa nini daftari la fedha halionekani. Mkurugenzi anayetofautisha mambo hayo mawili mbele ya wenye hisa, akasema hili ni la vita na hili ni letu, apewe muda. Anayeyachanganya asipewe hata franga moja zaidi.

Hofu yangu kubwa ni kwamba tukishaumwa mara moja tutakataa kila kitu, na huo nao ni umaskini. Mji wa Butembo ulikaa miaka na miaka kwa jenereta kwa sababu Serikali haikufikisha umeme, na wenyeji ndio waliounda sosiete yao, SENOKI, kutafuta njia. Bwawa la Luviro katika Lubero limejengwa na watu wa Hifadhi ya Virunga, na sehemu ya umeme wake ilianza mwaka 2020 kuendesha mashine za Bitcoin ili kuiletea hifadhi fedha wakati watalii hawapo. Unaweza kuupenda uamuzi huo au kuuchukia. Unaonyesha kwamba teknolojia ya kubahatisha haiko ng'ambo, iko kwenye vilima vyetu. Mitaji ya watu wadogo itahitajika tena, na ni vizuri itoke. Itoke tu ikiwa na masharti.

Tena sisi tuna kipawa ambacho wenye hisa wa Nairobi au Dar es Salaam hawana kwa kiwango hiki: tunajua kuungana. Likelemba na AVEC, yaani jumuiya zetu za akiba, zinakutana kila wiki katika kila mtaa, zina kitabu, zina sanduku, zina akina mama ambao hesabu haiwapiti. Sheria inasema moja ya kumi ya mtaji. Mtu mmoja mwenye hisa tano hafiki, lakini wenye hisa tano tano wakijiandikisha pamoja na kumchagua mmoja wa kusema kwa niaba yao, wanafika. Sijaona sababu ya kikundi kinachoweza kufuatilia deni la dola hamsini la mwanachama kushindwa kufuatilia dola elfu ishirini zilizo mikononi mwa mkurugenzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una hisa katika sosiete iliyobadilisha uongozi, usingoje semina. Wiki hii waandikie barua yenye maswali matatu: fedha zilizopo leo ni kiasi gani, kwa matumizi ya sasa zitafika mwezi gani, na zikiisha mtazitafuta kwa nani na kwa bei ipi ya hisa. Ipeleke ofisini kwao, waigonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, nyingine umpelekee mkaguzi wa hesabu. Siku 15 zikipita bila jibu, waite wenzako.